Mozaiki za Kirumi kutoka karakana moja ya Mbeya: sakafu agiza, ukuta ngoja kwanza

Karakana hii iko jijini Mbeya na inafanya kazi za aina tatu: sakafu za mozaiki, yaani picha za vijiwe vilivyopangwa, michoro ya ukutani wanayoiita fresko, na vichwa vya sanamu. Wateja wake ni nyumba za wageni, makanisa, na watu wanaojenga Uyole, Tukuyu hadi Njombe. Bango lao linasema "mtindo wa Kirumi", kwa hiyo tumewapima kwa kipimo hicho hicho walichojichagulia. Kwa sakafu, wanalistahili jina. Kwa ukuta, bado.

Tuanze na kisichoonekana. Mozaiki nyingi zinazobomoka haziponzwi na vijiwe vya juu, zinaponzwa na kilichowekwa chini yake. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika juu ya ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, alitaka kwanza mawe yasiyopungua ukubwa wa kujaa kiganja. Juu yake kije kifusi cha mawe, sehemu 3 kwa chokaa 1, kishindiliwe na makundi ya watu mpaka kibaki na unene usiopungua sentimita 22 hivi. Kisha vigae vilivyopondwa, tena 3 kwa 1, unene wa vidole 6, yaani kama sentimita 11. Ndipo vijiwe vipangwe. Karakana imepunguza unene, na kwa sebule ya kawaida hilo halina ubaya, lakini haikuruka tabaka hata moja: mawe sentimita 10, zege ya kokoto 7, na tabaka la juu sentimita 4 la unga wa tofali za kuchoma na chokaa ya Songwe.

Huo unga wa tofali ndio siri ya sakafu zao. Udongo uliochomwa kwa moto wa wastani, ukisagwa na kuchanganywa na chokaa penye unyevu, hushikana na kuwa mgumu hata pale hewa isipofika. Warumi walipata nguvu hiyo hiyo kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Napoli, Italia. Mafundi hawa wanachagua tofali zenye rangi ya chungwa na kuziacha zile nyeusi zilizoiva kupita kiasi na kung'aa kama kioo, na wako sahihi, kwa sababu tofali iliyoungua namna hiyo haina tena cha kuungana na chokaa. Tungependa wajaribu pia mawe mepesi ya volkano ya Rungwe, yakisagwa yawe laini kama unga wa sembe. Malighafi ya Kirumi hasa iko hapa hapa mlangoni kwao.

Tabaka hilo linafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7. Msimu wa upepo, Julai hadi Septemba, siku 7 hazitoshi. Maji yakikimbia kabla ya wakati, uso unabaki unga, na vijiwe vinaanza kung'oka kimoja kimoja pale miguu inapopita sana, hasa mlangoni. Dai siku 14, na magunia yaloweshwe asubuhi na jioni.

Vijiwe vyenyewe ni jiwe la chokaa la Songwe kwa rangi ya maziwa, jiwe jeusi la Rungwe, na vigae vyekundu. Wanavikata kwa nyundo juu ya patasi iliyosimamishwa kwenye gogo, jinsi ya zamani kabisa, kwa hiyo nyuso zake hazilingani sawasawa na mwanga unazichezea vizuri. Kuna saizi mbili. Kijiwe cha milimita 10, ukiacha nafasi ya milimita 1, kinaingia mara 8,200 na ushei kwenye mita moja ya mraba. Kile cha milimita 5 chenye nafasi ya nusu milimita kinapita 33,000. Ndiyo maana bei inapaa mno ukitaka sura ya mtu badala ya maua. Warumi nao walibana matumizi: picha ya katikati yenye vijiwe vidogo iliandaliwa karakanani juu ya sinia la jiwe au la udongo, kisha ikapachikwa katikati ya sakafu ya vijiwe vikubwa. Omba hivyo hivyo.

Kasoro yao kubwa kwenye sakafu ni mistari. Katika kazi nzuri ya Kirumi, safu moja au mbili za vijiwe vya mandhari, yaani eneo tupu nyuma ya picha, huzunguka umbo kwanza, zikifuata mgongo wa samaki au shingo ya ndege, ndipo nyingine zinyooke. Safu hizo ndizo zinazolitoa umbo mbele. Hapa mandhari yamenyooshwa kama daftari la hesabu mpaka yanamgonga samaki tumboni, na samaki anaonekana amebandikwa. Ni kosa la kurekebishika kwa mchoro tu, bila gharama ya ziada, kwa hiyo lisemee kabla kazi haijaanza.

Paneli ndogo wanazitengeneza kichwa chini: vijiwe vinabandikwa kwenye karatasi kwa uji wa ngano, uso ukiangalia chini, kisha vinamwagiwa mchanganyiko na kugeuzwa. Njia hii inatoa uso ulionyooka, ila maandishi hutoka kinyume usipogeuza mchoro mapema. Wanayo paneli nzuri ya mbwa mweusi mwenye mnyororo na maneno MBWA MKALI, na herufi zinazoweza kukusaliti hapo ni B, K na L tu, maana nyingine zinasomeka sawa pande zote. Zimetoka sawa. Asili yake iko Pompeii, mji uliofukiwa na mlima Vesuvius mwaka 79, mlangoni mwa nyumba inayoitwa ya Mshairi wa Tanzia, na chini ya mbwa pameandikwa CAVE CANEM, "jihadhari na mbwa". Onyo hilo linamhusu anayeingia, kwa hiyo miguu ya mbwa ielekee barabarani. Ukiiweka kinyume, anayeonywa ni mwenye nyumba akitoka.

Kwa maana za picha, mafundi wanahitaji kusaidiwa, na mteja asiagize kwa kupenda rangi tu. Kichwa cha Medusa, jitu la kike la hadithi za kale, chenye nywele za nyoka kiliwekwa kurudisha jicho baya. Kinafaa kizingitini au katikati ya ukumbi. Tausi alikuwa ndege wa Juno, mungu mke mkuu wa Warumi, na Wakristo wa kale wakamchukua kuwa alama ya uzima usioharibika, hivyo kanisani yuko nyumbani. Zabibu na chui ni za Bakus, mungu wa mvinyo. Kwa mgahawa sawa, kwa kanisa la walokole fikiria mara mbili.

Kuna moja wanaoitazama huogopa, wakidhani ni mambo ya kichawi: fuvu lililoning'inia chini ya kifaa cha fundi. Ile ya asili ilikuwa uso wa meza ya kulia chakula kwenye kiwanda cha ngozi huko Pompeii, na sasa iko makumbusho ya Napoli. Kifaa kile ni kipima usawa chenye timazi, cha kamba na risasi, ambacho mwashi yeyote wa Mbeya angekitambua papo hapo. Upande mmoja inaning'inia fimbo ya kifalme na vazi la zambarau, upande wa pili fimbo na mfuko wa ombaomba, na kipima usawa kimelala sawa: mbele ya kifo, mfalme na ombaomba ni sawa. Chini ya fuvu yupo kipepeo, ambaye ni roho, juu ya gurudumu la bahati. Mafundi wameinakili vizuri isipokuwa timazi, ambayo wameiacha kwa sababu waliona ni pambo. Bila timazi picha haisemi kitu. Wairudishe.

Sasa ukuta. Wanachouza kwa jina la fresko ni rangi ya maji ya dukani juu ya lipu ya saruji iliyokauka. Fresko ni kitu kingine: rangi ya udongo iliyokorogwa na maji matupu inapakwa kwenye lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa inapokauka inavuta hewa ukaa, inarudi kuwa jiwe, na kuifungia rangi ndani. Ndiyo sababu bustani iliyochorwa kwenye nyumba ya Livia, mke wa kaisari Augusto, huko Prima Porta nje ya Roma, ina kijani hadi leo. Vitruvius alitaka matabaka 3 ya mchanga na 3 ya unga wa marumaru. Kwa hapa, matabaka 3 yenye chokaa iliyolowekwa shimoni miezi kadhaa yanatosha kuanzia. Lipu iko tayari ukiibonyeza kwa kidole haibonyei lakini kidole kinahisi ubaridi. Ukichelewa, uso unafunga na rangi inabaki juu kama vumbi. Kipimo cha dukani ni rahisi: sugua pembeni kwa pamba iliyolowa, na pamba ikitoka na rangi, hiyo si fresko. Kwenye sampuli zote tulizosugua, ilitoka.

Kwa kuta zinazopigwa jua, epuka pia nyekundu kali ya zebaki. Vitruvius anamtaja Faberius, karani aliyepaka rangi hiyo kwenye baraza lake la wazi huko Aventino, kilima cha Roma, na baada ya siku 30 ikabadilika vibaya. Udongo mwekundu wa huku unafaa kuliko hiyo, mradi uoshwe mara kadhaa na kuachwa utuame, uchukuliwe ule laini wa juu.

Vichwa vya saruji nyeupe havina mengi. Umbo ni zuri, ila wanalainisha kila uso. Warumi wa zama za jamhuri, kabla ya makaisari, waliacha makunyanzi makusudi, kwani yalibeba heshima ya umri na kazi. Ujana usioisha ulikuwa wa Augusto, kaisari wa kwanza, na jamaa zake. Anayeagiza kichwa cha babu aseme wazi mikunjo ibaki.

Paneli ya sentimita 60 kwa 60, unene 4, ina kilo kama 33. Isafirishwe ikiwa imesimama kwa ubavu juu ya godoro, isilazwe, maana hupasuka katikati gari likiruka tuta. Kwenye baraza lisiloezekwa, sakafu iinamishwe sentimita 1 na robo kwa kila mita, kama Vitruvius alivyoagiza, maji ya masika yasituame. Na usafi ni maji na sabuni ya kipande tu. Limau, siki na dawa za kusafishia choo zinalila jiwe la Songwe, na doa lake halitoki mpaka uso usagwe upya.