Flight ya Vox Motus: kama una kijana wa sekondari mpeleke, ila usimwache aende peke yake

Huwa naulizwa sana na wazazi wenzangu ipi ni shoo ya maana kwa vijana kuhusu watoto wakimbizi, na jibu langu halijawahi kubadilika, Flight ya Vox Motus, lile kundi la maigizo la Glasgow, Scotland. Niliiona ilipokuja London pale Bridge Theatre, msimu wa Krismasi 2019 kabla korona haijafunga kila kitu, nikaenda na mtoto wa dada yangu ambae wakati huo ndo alikua anaingia ujana, ule umri ambao kila unachomwonyesha anakwambia kinaboa.

Kwanza kabisa hamna jukwaa. Hamna hata mwigizaji anaesimama mbele yako. Wanaingiza watu 25 tu kwa mkupuo, kila mmoja anakalishwa kwenye kibanda chake gizani, unavaa hedfoni, halafu mbele ya uso wako linaanza kuzunguka duara kubwa limejaa visanduku, ndani ya kila kisanduku kuna tukio limeundwa kwa mkono, watu wadogoo, lori, ukuta, kitanda. Taa inawaka unaona, inazimika, kinapita, kinakuja kingine. Visanduku ni zaidi ya 230 na shoo nzima ni kama dakika 45, na nakwambia hutachoka kwasababu vingine ni vidogo mpaka unajikuta umesogeza uso mbele kutafuta huyu mtoto yuko wapi humu ndani, na sauti yake iko sikioni kwako kabisa.

Hadithi ni ya Aryan na Kabir, ndugu wawili yatima wa Afghanistan, wametoka Kabul wanataka kufika London wakasome. Miji ya njiani wameikariri kama mtoto anavyokariri tebo: Kabul, Tehran, Istanbul, Athens, Rome, Paris, London. Mwanzoni unaisikia kama wimbo wa njiani tu, ila kadri safari inavyozidi kuwa mbaya ndo unaelewa kwanini mkubwa anamlazimisha mdogo airudie. Imetokana na riwaya ya Caroline Brothers, mwandishi wa habari, inaitwa Hinterland, na alieigeuza iwe tamthilia ni Oliver Emanuel, ambae alifariki Desemba 2023, Mungu ampumzishe. Ilizinduliwa kwenye tamasha la Edinburgh mwaka 2017.

Kinachonifanya niisifie hivi ni kile kibanda. Ukumbi wa kawaida kikija kitu kizito unamgeukia wa pembeni yako, mnaangaliana, mzigo unagawanyika. Hapa hamna wa kumgeukia. Boti inapopigwa na mawimbi kutoka Uturuki kwenda Ugiriki uko wewe na wale watoto basi, na mimi nimekulia Kigoma, nimesoma na watoto ambao wazazi wao walivuka Ziwa Tanganyika usiku kukimbia vita ya Congo, baadae wengine familia zao zikawa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na tulikua tunacheza nao mpira bila hata siku moja kuwauliza ile safari ilikuaje. Pale kwenye kibanda ndo nilikaa nikaifikiria kwelikweli.

Na hawahubiri! Hilo ni kubwa sana. Nishaona shoo nyingine, jina naliacha, mwishoni mtu mzima anasimama kuwaelezea watoto wajisikie vipi, yaani kazi yote nzuri inamwagika. Flight inakuachia. Wenye mamlaka kuna sehemu wanageuka shakwe, wale ndege wa baharini wenye kelele, na unaelewa mara moja kwamba hivi ndivyo mtoto mdogo anavyomwona mtu mwenye sare. Ila msimulizi kuna mahali anaongea ambapo kisanduku kilishasema chote, angenyamaza tu.

Wengi mtakua mnamfahamu Amal, yule mdoli wa msichana wa Syria mwenye urefu wa mita 3.5, kazi ya Handspring, kundi la kutengeneza wadoli la Cape Town, aliyetembezwa kutoka Gaziantep mpaka Manchester mwaka 2021, kama kilomita 8,000. Nampenda sana Amal, yule alifanywa mkubwa ili mji mzima umwone. Ila kwa kijana ambae hapendi umati wala makelele, hawa wadogo wa kwenye visanduku wanafika ndani zaidi, maana anawatafuta mwenyewe kwa macho yake.

Sasa tahadhari. Watoto wa msingi wadogo hapana kabisa, kuna mtoto anadhulumiwa humo, haionyeshwi waziwazi lakini inaeleweka, na mwisho wake si mwepesi. Ukienda na kijana usipange kitu kingine baada ya hapo, tafuteni sehemu ya kula mkae. Mpwa wangu alikaa kimya mpaka tumemaliza chakula halafu maswali yakaanza, kwanini hawakupanda ndege, kwanini mkubwa hakusema kwa polisi, na hayo maswali yanataka mtu mzima wa kuyajibu bila kudanganya.

Tatizo halisi ni watu 25. Darasa moja tu la kwetu haliingii kwa mara moja, na shule ngapi zinaweza kugharamia hivyo? Lakini hamna waigizaji wa kusafirisha, ni visanduku na sauti zilizorekodiwa, na mafundi wa kuchonga tunao, nendeni pale kwa wachongaji wa Mwenge, Dar, mkaone mikono ya watu. Natamani kundi la nyumbani lifanye yetu ya Ziwa Tanganyika, sauti za Kiswahili na Kirundi, vibanda hata kumi tu, wazunguke nayo shule za Kigoma na Kasulu. Kama kuna mtu ameshaanza kitu kama hicho aandike hapa chini, mchango wangu upo na si wa maneno.