Hoppe's No. 9: dawa ya mtutu isiyotaka haraka

Nimetunza bunduki za wageni kwa misimu kadhaa katika kambi ya uwindaji wa kitalii kwenye vitalu vya Rungwa, katikati ya Tanzania, na muda wote huo chupa ya Hoppe's No. 9 haijakosekana mezani pangu. Dawa hii ya kusafishia mitutu ya bunduki ilibuniwa mwaka 1903 na Mmarekani Frank August Hoppe, wakati ambapo baruti isiyotoa moshi mwingi ilikuwa bado mpya mikononi mwa wawindaji, na imeendelea kuuzwa hadi leo kwa jina lilelile. Naiandikia tathmini kwa sababu wengi wanaoilaumu huitaka ifanye kwa dakika tano kazi ambayo yenyewe huifanya kwa usiku mzima, na wengi wanaoisifu huisifia kazi ambayo haiiwezi kabisa.

Mtutu wa raifo huchafuka kwa namna mbili, na lazima zitofautishwe kabla ya kuhukumu dawa yoyote. Uchafu wa kwanza ni masizi ya baruti, ambayo ni meusi, laini, na hukaa juu juu. Wa pili ni shaba. Chukua raifo ya risasi aina ya .375 H&H Magnum, ambayo tangu mwaka 1912 imekuwa mwenzi wa kudumu wa wawindaji wa nyati na tembo: risasi yake nzito, ya gramu 19 na ushei, huvikwa ganda la shaba na kusukumwa ndani ya mtutu kwa nguvu kubwa huku mifereji iliyochongwa kwa msokoto ikiilazimisha kujizungusha mzunguko mmoja katika kila sentimita 30 hivi. Katika msuguano huo shaba kidogo hubaki imegandamana na chuma, kisha risasi inayofuata huigandamiza zaidi na kuongeza yake, hata baada ya siku nyingi mifereji ikawa na utando ambao macho hayauoni kirahisi lakini risasi huuhisi.

Kwa masizi, dawa hii sina neno la kuitia dosari. Kitambaa kimoja kilicholowana, robo saa ya kusubiri, brashi mara kumi, kisha vitambaa vitatu au vinne vikavu, na mtutu uliofyatua risasi ishirini hurudi kung'aa. Kwa shaba ni habari nyingine. Imo amonia ndani yake, na amonia ndiyo inayoila shaba, lakini imetiwa kwa kiasi kidogo, hivyo huila polepole sana ikilinganishwa na dawa kali za siku hizi zilizotengenezwa kwa ajili ya shaba peke yake. Faida ya upole huo ni kwamba unaweza kuiacha ndani ya mtutu tangu jioni hadi alfajiri bila kuuhofia mtutu wenyewe, jambo ambalo sithubutu kulifanya kwa hizo dawa kali.

Msimu mmoja alikuja mgeni na .375 yake, na siku ya kwanza, tulipokwenda kulenga shabaha kwa mita mia moja, risasi zake tatu ziliangukia mbalimbali kiasi kwamba sinia la chai lisingezifunika. Tulikaza skrubu za darubini, tukaifungua na kuifunga upya, tukamwomba mwenzake ajaribu, na hali ikawa ileile. Jioni niliitoa komeo, nikatazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kwa macho kisha nikaipapasa kwa kidole kidogo kuhakikisha ni tupu, kwa maana macho ya jioni hudanganya, nikailaza bunduki kwenye kishikizo mdomo ukiwa umeinama kidogo. Nikapitisha mdeki kutoka upande wa chemba. Mdeki ni jina ambalo wenye magobore waliupa ufito wa kushindilia baruti, na sisi kambini tumelihamishia kwa ufito wa kusafishia. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama sufuria ya kuni, cha nne kilitoka cha kijivu, nami nikaulowesha mtutu upya na kuuacha. Asubuhi kitambaa kilitoka na mistari ya samawati iliyoelekea ukijani, mistari iliyofuata msokoto wa mifereji sawasawa, kana kwamba mtu ameichora kwa kalamu. Hiyo ndiyo shaba. Ilichukua usiku wa pili hadi vitambaa kutoka vyeupe, na siku ya tatu risasi zake zilikaa ndani ya kisosi.

Hapa pana mtego ambao ulinipotezea vitambaa vingi nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii. Brashi nyingi za mtutu hutengenezwa kwa nyuzi za aina ya shaba, na dawa hii haijui kama shaba iliyokutana nayo ni ya risasi au ya brashi. Ukisugua kwa brashi hiyo ikiwa imelowa dawa, kitambaa kitatoka na samawati milele, nawe utaendelea kusafisha mtutu uliokwisha kuwa safi tangu jana. Ukiwa unaitafuta shaba, tumia brashi ya nailoni, na ile nyingine iache kwa masizi. Vilevile usiingizie mdeki mdomoni mwa mtutu kama bunduki inaruhusu njia ya chemba, kwa sababu ukingo wa mdomo ndio unaoiaga risasi, na mkwaruzo mdogo wa mdeki mahali hapo huiharibu shabaha kuliko uchafu wote niliousimulia.

Wapo wanaouliza kama kamba ya kuvutwa ndani ya mtutu, ile yenye kizito cha shaba njano mbele na brashi iliyofumwa katikati, haitoshi. Porini inafaa sana, hasa vumbi linapoingia au mvua ya ghafla inaponyesha, maana huhitaji meza wala kishikizo. Lakini kamba hiyo hiyo iliyobeba uchafu wa jana huurudisha leo usipoifua, na kamba kuukuu inaweza kukatikia ndani. Nimewahi kukesha na moja iliyonikatikia, nikiisukuma kwa mdeki sentimita kwa sentimita huku mwenye bunduki akinitazama bila kusema neno, na kimya hicho kilinitesa kuliko kamba yenyewe.

Kuhusu harufu, mtu akishainusa mara moja hawezi kuisahau: ni ya ndizi mbivu iliyochanganyika na mafuta ya taa, kwa sababu vyote viwili, mafuta ya taa na kemikali iitwayo amili asetati yenye harufu ya ndizi, vimo ndani yake. Ndugu wa karibu wa kemikali hiyo ndiye ambaye nyuki humtoa anapouma ili kuwaita wenzake. Kwetu huku, ambako mizinga imetundikwa mitini na asali ya Itigi ni biashara kubwa, mimi hukaa mbali na mizinga ninapofungua chupa. Harufu hiyo ndiyo kipimo changu pia cha chupa isiyo halisi. Niliwahi kuuziwa dawa iliyohamishiwa kwenye chupa nyingine, nikaifungua, nikakutana na mafuta ya taa matupu.

Usiitegemee dawa hii kwa risasi za zamani za kijeshi ambazo fataki zake, yaani viwashio vya baruti, zina klorati ya potasiamu. Hizo huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi huvuta unyevu, na unyevu huleta kutu katika siku chache. Chumvi huyeyushwa na maji. Mimina maji ya moto yenye sabuni, kausha vizuri, kisha ndipo ulete dawa na mafuta. Wala isifanywe kuwa mafuta ya kuhifadhia. Bunduki inayoteremshwa Tanga au Dar es Salaam msimu ukiisha, na kukaa kabatini katika hewa ya chumvi ya pwani, inahitaji mafuta halisi ya bunduki, na mafuta hayo yafutwe mtutu ukauke kabla ya kufyatua tena, la sivyo risasi ya kwanza itakwenda inakotaka yenyewe. Angalia pia isidondokee kitako, kwa kuwa huiharibu vanishi ya mbao, na fanya kazi mahali penye upepo ukiwa umevaa glavu.

Kwa mwenye bunduki moja anayefyatua risasi chache kwa mwaka, chupa ndogo humtosha muda mrefu, na simwoni akihitaji kingine zaidi ya hiki na mafuta. Kwa mtu wa shabaha anayefyatua mamia ya risasi na kutaka mtutu uwe tayari kesho asubuhi, anunue dawa ya shaba iliyo kali na aitumie hii kwa masizi. Na kwa mgeni anayekuja kuwinda, asiifungashe: ni kimiminika kinachoshika moto, hakiruhusiwi ndani ya ndege, wala kwenye begi la mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Aiulizie kambini kabla ya kufika, ili ipandishwe kwenye lori la vifaa pamoja na mafuta na unga.