RY785 na guangxitoxin-1E: zinunuliwe pamoja

Maabara inayopima mikondo ya potasiamu kwenye neuroni ikinunua RY785, kemikali inayoziba chaneli za potasiamu aina ya Kv2, peke yake imenunua nusu ya kipimo. Nusu ya pili ni guangxitoxin-1E, sumu ya buibui, nayo imwagiwe seli ileile, baada ya RY785.

Sababu ni subuniti kimya, yaani vipande vya protini vinavyojenga chaneli pamoja na vingine: Kv5, Kv6, Kv8 na Kv9. Zenyewe haziundi chaneli inayopitisha mkondo. Hukwama ndani ya seli mpaka ziungane na Kv2.1 au Kv2.2, ndipo zifike kwenye utando, na zikifika hubadilisha tabia ya chaneli nzima. Kv6.4 husogeza uzimikaji wa Kv2.1 kwa takriban milivolti 40 kuelekea upande hasi, kwa hiyo seli ingali imetulia, chaneli nyingi za mchanganyiko huo tayari hazifunguki. Hitilafu kwenye jeni ya Kv8.2, KCNV2, huharibu macho ya binadamu.

RY785 ya maikromola 1 huziba Kv2 tupu, isiyo na subuniti kimya, na kuiacha michanganyiko ya Kv2 na subuniti kimya ikipitisha mkondo. Guangxitoxin ya nanomola 100 hushika zote mbili. Kinachosalia baada ya ya kwanza, kisha kikapungua kwa ya pili, ndicho mkondo wa mchanganyiko. Endelea kupiga pulsi za volteji hadi RY785 iache kuupunguza mkondo; ukiharakisha, Kv2 tupu itahesabiwa kama mchanganyiko.

Makosa mengi hutokea kwenye volteji. Guangxitoxin haizibi tundu. Hufanya chaneli idai volteji kubwa zaidi ili ifunguke. Ukipima kwenye milivolti +80 itafunguka tu, na sumu itaonekana mbovu. Pima karibu na 0. Kwa Kv6.4, shikilia seli kwenye −100, maana kwenye −60 mkondo mwingi umeshapotea kabla hujaanza. Angalia pia ukinzani wa pipeti: nanoampia 10 zikipita megaohm 5 ni kosa la milivolti 50, linalotosha kufunika badiliko lote unalolitafuta.

Sumu hii hunata kwenye plastiki, hivyo weka albumini ya asilimia 0.1. RY785 huyeyushwa kwa kiyeyushi kiitwacho DMSO. Kiasi cha DMSO kilingane katika miyeyusho yote, hata ile ya kulinganishia.

Upungufu wake mkubwa: jozi hii haitaji ni subuniti kimya ipi. Hilo linahitaji kupima RNA ya seli hizo, au panya aliyeondolewa jeni husika.