Tathmini ya Huduma za Jumuiya ya Wahitimu wa Kitivo cha Tiba

Mimi ni mwanachama wa jumuiya ya wahitimu wa kitivo cha tiba nilichosomea, na daktari anayehitimu sasa akiniuliza kama ajiunge, humjibu ajiunge, ila ajue mapema ni huduma ipi imeandaliwa vizuri na ipi bado ni ahadi.

Iliyo bora kuliko zote ni mpango wa ulezi, unaomkutanisha mwanafunzi wa miaka ya mwisho na mhitimu anayefanya kazi katika fani anayoifikiria. Mwanafunzi wa tiba huchagua ubingwa akiwa ameiona kila fani kwa wiki chache tu za mzunguko wa wodini, tena chini ya wahadhiri ambao karibu wote ni watu wa hospitali kubwa ya kufundishia, hivyo hana wa kumweleza upasuaji au uzazi unavyokuwa katika hospitali ndogo ambako zamu ya usiku ina daktari mmoja. Ofisi ya jumuiya huzipokea hoja za mwanafunzi kabla ya kumtafutia mlezi, na humruhusu yeyote kati ya wawili hao kuomba abadilishiwe bila kutoa sababu. Ruhusa hiyo, nionavyo, ndiyo inayowafanya wanafunzi waseme ukweli wao. Wahitimu hualikwa pia kusimamia majaribio ya mtihani wa vituo, ambapo mtahiniwa huenda kituo kwa kituo akimhoji na kumpima mgonjwa wa kuigiza, na hapo saa chache za daktari mzoefu humsaidia mwanafunzi kuliko kitabu.

Kwa upande wa michango, mchangiaji huchagua kati ya matumizi ya jumla na mfuko wa kudumu wa ufadhili. Mtaji wa mfuko wa kudumu huwekezwa bila kuguswa, na kwa desturi ya mifuko ya aina hii ni kama asilimia 4 hadi 5 tu ya thamani yake, itokayo kwenye faida ya uwekezaji, inayotumika kila mwaka, ili mwanafunzi wa leo na wa kizazi kijacho wanufaike sawasawa. Mfano mkubwa ni wa Roy Vagelos, mhitimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, ambaye mwaka 2017 pamoja na mkewe Diana alikipa kitivo chake dola milioni 250, na milioni 150 kati ya hizo zikatengwa ili wanafunzi wenye uhitaji wapewe ufadhili badala ya mikopo. Wengi wetu hatuna uwezo huo, lakini waliohitimu mwaka mmoja wakichangia mfuko mmoja, hufikisha kiasi ambacho mtu peke yake hakifikii.

Huduma ya maktaba kwa wanachama haikuniridhisha, kwani majarida mengi ya mtandaoni hubaki kwa wanafunzi na watumishi kutokana na mikataba ya wachapishaji, jambo ambalo tangazo la uanachama halikulitaja. Linaloniumiza zaidi ni taarifa ya fedha: shukrani hufika upesi, lakini taarifa huchelewa, na haielezi ni wanafunzi wangapi waliosaidiwa. Mpaka jambo hilo lirekebishwe, mchango wangu nitauelekeza kwenye mfuko wa kudumu, ambao masharti yake yameandikwa, na si kwenye matumizi ya jumla.