Tahadhari: pampu mbovu za tangi la samaki zinazibwa kwa silikoni na kuuzwa Nairobi kama mpya

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, ninawaonya kuhusu muuzaji wa vifaa vya matangi hapa Nairobi ambaye huchukua pampu za kuzamishwa majini zilizokwisha kuharibika, akaziziba nyufa kwa silikoni, akazitia katika maboksi mapya na kuziuza kwa bei ya pampu ambazo hazijawahi kuguswa na maji. Simtaji jina wala duka, kwa kuwa kurasa zake za mtandaoni hubadilika majina mara kwa mara, na kwa kuwa ninachotaka mkitambue ni namna anavyofanya kazi, ambayo mwingine yeyote anaweza kuiiga.

Pampu aliyoniuzia ilianza kutoa mlio wa kukwaruza mapema mno, na nguvu ya maji ikapungua. Kabla haijasimama kabisa, dada anayetusaidia kazi za nyumbani alitia mkono ndani ya tangi kuondoa majani yaliyooza, akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, akapigwa na umeme hadi kwenye kiwiko. Namshukuru Mungu kwamba aliweza kuuvuta mkono wake. Samaki wakati huo walikuwa wakiogelea kama kawaida, na hilo ndilo linalowapumbaza wengi: samaki aliyezungukwa na maji yenye umeme hana njia ya kuupeleka ardhini, ilhali binadamu aliyegusa maji hayo huku amekanyaga sakafu huwa yeye ndiye njia yenyewe. Kesho yake mtu huyo huyo anaweza kuvaa ndala za mpira asihisi lolote, akadhani hatari imekwisha.

Fundi wa umeme mwenye leseni ndiye aliyeifungua. Ndani ya pampu ya aina hii kuna koili, yaani waya wa shaba ulioviringwa, iliyofunikwa kwa epoksi (gundi inayokauka na kuwa ngumu), na kando yake huzunguka rota ya sumaku inayokaa majini muda wote, kwa hiyo kinachotenganisha volti 240 na maji ni epoksi hiyo na ganda la plastiki tu. Ufa mwembamba, au kulegea mahali waya unapoingilia, hutosha kuufikisha unyevu kwenye shaba. Katika pampu yetu ufa ulikuwa umepakwa silikoni, waya ulikuwa umeungwa na kiungo kufichwa ndani ya mpira mweusi, na chumba cha rota kilikuwa na ukoko mzito wa madini ambao pampu mpya haiwezi kuwa nao. Silikoni hushika kioo vizuri lakini haishikani vyema na plastiki nyingi, na pampu inapopata moto na kupoa kila mara, hasa kwa jinsi umeme wetu unavyokatika na kurudi, kiraka hicho huachia.

Nilipomrudia muuzaji, hakukana kwamba maji yalikuwa na umeme. Alisema kila pampu huonyesha volti kidogo kwenye mita, kwa hiyo ni jambo la kawaida, kisha akanitaka ninunue kijiti cha titani chenye waya wa kuunganishwa na athi ya soketi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, ili "kiumalize" umeme huo. Wafugaji wenzangu wawili walionunua kwake wameniambia kwamba nao waliuziwa kijiti hicho hicho baada ya kulalamika.

Maneno yake yana ukweli nusu, na ndiyo maana yanaaminika. Ni kweli kwamba mita ya kidijitali inaweza kuonyesha makumi ya volti ndani ya tangi lenye pampu nzima, kwa kuwa koili huambukiza volti hafifu isiyo na nguvu ya kumdhuru mtu. Lakini volti hiyo huporomoka mara inapowekewa mzigo mdogo, na ile inayovuja kutoka kwenye ufa haiporomoki. Fundi huzitofautisha kwa kuichomoa pampu kwenye umeme, kuizamisha majini na kuipima kwa mega, kifaa kinachopima jinsi kinga ya waya inavyozuia umeme kuvuja: pampu nzima husoma megaomu nyingi (kizuizi kikubwa), ilhali iliyopasuka husoma chini sana. Muuzaji huyu hana kipimo hicho dukani. Hujaribu pampu ndani ya ndoo na kutia mkono wake mwenyewe mbele ya mteja, akiwa amevaa viatu vya soli ya mpira, jambo ambalo halithibitishi chochote.

Kuhusu kijiti, ninaomba mnisome kwa makini. Kijiti hakitengenezi pampu. Kinachofanya ni kuupa umeme njia ya kudumu kupitia majini kwenda kwenye athi, na kina faida pale tu nyumba ina swichi ya RCD inayokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30. Bila swichi hiyo hakuna kitakachokata, kwa sababu fyuzi ya plagi zetu kubwa ni ya ampea 13, yaani zaidi ya mara 400 ya kiwango hicho, na uvujaji unaoweza kuua haufiki hata karibu na kuikata. Tena, kama athi ya jengo imekatika mahali, kama inavyoweza kutokea katika nyumba za kupanga, kijiti kitaupeleka umeme wa tangi hadi kwenye mwili wa friji au kifaa kingine chenye ganda la chuma.

Kuna jambo jingine lililoniudhi sana. Pampu zake huja na plagi ya pini mbili, naye huwaelekeza wateja wachomeke kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili iingie. Plagi hiyo haina fyuzi yake wala athi, na kinga inayobaki ni ile ya kwenye boksi la swichi kuu la nyumba peke yake. Usikubali.

Anayehisi mchomo wowote katika tangi asirudishe mkono majini kupima tena. Zima kwenye soketi kwa mkono mkavu, au kwenye swichi kuu kama soketi imelowa, kisha uchomoe pampu, hita na taa zote kabla ya kugusa maji. Kabla ya kununua, fungua chumba cha rota utafute ukoko, kagua waya wote kwa vidole ukitafuta uvimbe wa kiungo, tazama kama kuna silikoni mahali waya unapoingilia, na uhakiki alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Dai risiti yenye jina la biashara. Mimi nilitakiwa kulipa kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, na ushahidi wangu umekuwa ule ujumbe wa malipo pamoja na picha za pampu iliyofunguliwa. Ibara ya 46 ya Katiba inatupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya fidia kwa hasara, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 inaiongezea nguvu, kwa hiyo aliyeuziwa na muuzaji wa namna hii apeleke malalamiko KEBS huku pampu ikiwa bado mkononi mwake. Shauri likiisha, kata waya wake karibu kabisa na ganda na uivunje rota kabla ya kuitupa, kwa maana pampu hizi huokotwa kwenye taka na kurudi kwa mtu yule yule anayezipaka silikoni.