Vijitabu vya maonyesho vinavyochapwa Tabora: mkunjo safi, picha hafifu

Kundi la sanaa linalotaka kijitabu cha kugawa mlangoni usiku wa onyesho lina njia tatu hapa Tabora. Linaweza kuchapa mjini kwenye steshenari zenye mashine ya leza ya rangi, kuomba mashine ya kudurufu (ile ya wino, si fotokopi) ya shule au ofisi, au kutuma faili Mwanza ama Dar es Salaam na kusubiri mzigo uje kwa basi. Tunapima njia ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayofaa kwa nakala 200 hivi, za kutosha ukumbi wa chuo au wa parokia. Kazi yenyewe ni kijitabu cha kurasa 8 cha saizi ya A5, jalada la rangi, maandishi meusi ndani, pini mbili mgongoni.

Kukata, kukunja na kupiga pini mafundi wa steshenari wanaweza, tena vizuri. Kasoro ziko kwenye picha, kwenye karatasi unayopewa usipouliza, na kwenye usanifu ukiwaachia wao.

Tuanze na hesabu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Mteja akija na kurasa 10, fundi atamwongezea 2 tupu au atabananisha maandishi, na vyote viwili vinaharibu kazi. Kurasa 8 ni karatasi 2, hivyo nakala 200 ni karatasi 400. Ongeza 20 za kuharibika, na kama zote ni za aina moja, rimu moja ya 500 inatosha na kubaki.

Kupanga kurasa ndiko kunakowashinda wengi. Karatasi ya nje, yaani jalada, upande wa kwanza, hubeba ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia. Upande wake wa pili ni 2 na 7. Karatasi ya ndani hubeba 6 na 3, upande wa pili 4 na 5. Programu za kompyuta hupanga zenyewe ukichagua kuchapa kama kijitabu, lakini mpangilio wa kugeuza karatasi lazima uwe ukingo mfupi. Ukiachwa ukingo mrefu, upande wa pili wote unatoka kichwa chini. Dawa ni moja: omba nakala moja kamili, iliyokunjwa na kupigwa pini, uifungue ukurasa kwa ukurasa kabla hujaruhusu 199 zilizobaki. Duka linalokataa kutoa sampuli hiyo, hamisha kazi.

Sasa karatasi, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo. Usiposema kitu utapewa gramu 80 ya kawaida (uzito wa karatasi kwa mita moja ya mraba). Maandishi ya upande wa pili yanaonekana, na orodha ya waigizaji inasomeka imechanganyika na kivuli cha maneno ya nyuma yake. Gramu 100 kwa ndani inatibu hilo. Kwa jalada, gramu 160 inakunjika bila matatizo. Ukitaka 200 au zaidi, mwambie fundi apitishe mstari wa mkunjo kwanza kwa rula na kisu butu, la sivyo tona, yaani wino wa unga wa mashine ya leza, inapasuka mgongoni na mstari mweupe unajitokeza, hasa jalada likiwa jeusi au la bluu nzito.

Hata ukipitisha mstari, jalada linaweza kupasuka kwa sababu ya uelekeo wa nyuzi. Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja, na karatasi hukunjika vizuri pale mkunjo unapofuata nyuzi. A4 nyingi zinazouzwa zina nyuzi zinazofuata upande mrefu, wakati mkunjo wa kupata A5 unazikata nyuzi hizo katikati. Suluhisho lipo dukani humohumo: nunua A3 ambayo nyuzi zake zinafuata upande mrefu, ikatwe vipande viwili kwa gilotini, mashine ya kukatia karatasi. Kila kipande kitakuwa A4 ambayo nyuzi zake zinafuata upande mfupi, sawasawa na mkunjo. Kama huna hakika nyuzi zinaelekea wapi, chana kipande kwa urefu na kingine kwa upana. Mchano unaonyooka ndio unaofuata nyuzi. Ule unaokwenda upogo unazikata. Dakika moja ya kuchana inaokoa majalada 200.

Karatasi nzito pia inahitaji mashine iambiwe kuwa ni nzito. Isipoambiwa, joto halitoshi, tona haishiki, na unaweza kuikwangua kwa ukucha. Jaribu hivyo kwenye sampuli. Masika unyevu huikunjakunja karatasi iliyoachwa wazi na kuifanya ikwame mashineni. Kiangazi karatasi hushikana kwa umeme tuli na mashine huvuta mbili kwa pamoja. Rimu ifunguliwe siku ya kazi, ipepetwe, ndipo iingie kwenye trei.

Picha ndizo zinazotuumiza zaidi. Nakala zilizo mezani petu zina sura za waigizaji zilizoganda kama zimefunikwa ukungu, na chanzo si mashine. Ni picha zilizotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, zikapunguzwa njiani. Picha ya upana wa sentimita 6 inahitaji pikseli 709 hivi ili ichapwe safi. Picha ya kujaza ukurasa mzima wa A5 inahitaji 1748 kwa 2480. Mpiga picha atume kama dokumenti, au alete kwenye flashi. Na kama jalada linataka rangi mpaka ukingoni, A4 haitoshi, kwani mashine ya leza huacha milimita 4 au 5 nyeupe pembeni. Jalada lichapwe kwenye karatasi kubwa zaidi, picha ipitilize ukingo kwa milimita 3 kila upande, kisha likatwe. Duka lisilo na karatasi hiyo, afadhali ubuni jalada lenye pambizo jeupe la makusudi kuliko kupata fremu nyeupe isiyolingana.

Maandishi ya ndani yawe meusi ya wino mweusi peke yake. Meusi yanayochanganya rangi nne huonekana na kivuli chekundu au cha bluu herufini, na mashine huyahesabu kama kurasa za rangi, kwa hiyo unalipia bei ya rangi kwa ukurasa usio na rangi.

Usanifu wa madukani hauna habari na ukumbi. Fundi hukupa herufi nyembamba nyeupe juu ya picha nyeusi, kwenye karatasi inayong'aa. Dukani inapendeza. Ukumbini, taa zikiwa zimepunguzwa, herufi zimemezwa, na karatasi inarudisha mwanga wa jukwaani machoni pa jirani. Chagua karatasi isiyong'aa, herufi za ukubwa wa 11 au zaidi, nyeusi juu ya nyeupe. Orodha ya wahusika iwekwe kurasa za 4 na 5, kwa sababu kijitabu cha pini hufunguka chenyewe hapo. Majina yapangwe kwa mpangilio wa kutokea jukwaani, yakisawazishwa kwa tabo (kitufe cha Tab) na si kwa kugonga nafasi; fonti, yaani aina ya herufi, ikibadilika kwenye kompyuta ya duka, nafasi zote zinahama na mfalme anapata jina la mtumishi. Zima pia ukataji wa maneno wa Kiingereza, ambao hukata “waigizaji” popote unapotaka. Kiswahili hukatwa baada ya vokali. Faili lipelekwe kama PDF lenye fonti ndani yake.

Jalada la nyuma liuze. New York, Playbill, kijitabu cha maonyesho kilichoanza mwaka 1884, hugawiwa bure kwa sababu matangazo ndiyo yanayokilipia. London watazamaji hununua kijitabu chao. Hapa kwetu tangazo moja la duka la vifaa au la mgahawa linaweza kupunguza gharama, lakini lisiingie kurasa za 4 na 5.

Mashine ya kudurufu isidharauliwe. Ni nzuri kwa rangi moja na nakala nyingi, ila wino wake hukauka taratibu na haukauki kabisa kwenye karatasi inayong'aa. Mikono ya watazamaji itachafuka. Itumie kwa karatasi ya kawaida, na uache kazi ilale usiku mmoja kabla ya kukunja.

Pini zipigwe kutoka nje kuingia ndani, kwa stepla ya mkono mrefu, kila moja sentimita 5 kutoka ukingo wa juu na wa chini. Majalada yote yachapwe kwa mkupuo mmoja, maana umeme ukikatika katikati, rangi ya baada ya kuwasha huweza kutofautiana na ya mwanzo.

Mwigizaji akibadilishwa saa za mwisho, usichape upya. Tengeneza kikaratasi cha A7 chenye jina la mhusika na la mwigizaji mpya. A4 moja inatoa 8, hivyo nakala 200 ni karatasi 25, zinazokatwa na kuchomekwa kurasa za 4 na 5 mchana uleule.