Turubai, polo la mchanga na kamba ya usumba: kinga ipi inahimili kusi dagoni?

Ukiingia soko la Darajani, Unguja, ukasema unataka turubai la dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi, utatandaziwa kaunta nzima: la buluu, la chungwa, la kijani nje na fedha ndani, la mita nne kwa sita, la sita kwa nane. Muuzaji atakuuliza saizi. Hatakuuliza utalifungia nini, na hapo ndipo vibanda vingi vinapokwenda na maji.

Tumepima maturubai ya aina tatu, na pamoja nayo vile vinavyoyashikilia: mapolo (viroba) ya mchanga, kamba na vigingi. Kipimo chetu ni kibanda cha watu wanne watakaokaa wiki tatu hadi mwezi, ama ni wavuvi waliopiga dago ufukweni, ama wachumaji waliopiga kambi kwenye mikarafuu ya Pemba. Turubai la harusi na hitma halimo; lile hukaa siku mbili na lina watu wake wa kulifunga.

Tuanze na upepo, kwa sababu bila hesabu yake huwezi kujua umenunua nini. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja mara nyingi upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Upepo huo ukipiga ukuta uliosimama wima huusukuma kwa nguvu ya karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 80, nguvu haiwi kilo 16. Inakuwa kilo 31, kwani kasi ikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana kibanda kilichosimama wiki mbili bila kutikisika hung'oka kwa dakika moja dhoruba ya mvua ikitanguliwa na upepo wake. Paa nalo halisukumwi tu, hunyanyuliwa. Kibanda cha mita za mraba 18 katika kilomita 80 kinaweza kutaka kupaa kwa nguvu ya kilo 250 na zaidi. Turubai lenyewe lina kilo tano.

Turubai la plastiki ndilo linalouzwa zaidi, na ndani ya jina hilo moja kuna bidhaa mbili zisizofanana hata kidogo. Zote ni nyuzi za polithini zilizofumwa na kupakwa plastiki juu na chini. Jepesi lina gramu 70 au 80 kwa mita ya mraba. Zito, la daraja linalotumika kwenye misaada ya dharura, lina gramu 200 hivi. Kwa macho, likiwa limekunjwa, utadanganyika. Kwa mizani hudanganyiki: la mita nne kwa sita lina mita za mraba 24, hivyo likiwa jepesi litapima chini ya kilo mbili na likiwa zito litakaribia kilo tano. Omba liwekwe kwenye mizani. Muuzaji akikuna kichwa, na wewe umeshajua.

Ukimaliza kupima uzito, likunjue upime na urefu, kwa sababu saizi iliyoandikwa mara nyingi ni ya kabla ya kukunjwa pindo, na mita nne zinaweza kuwa tatu na sentimita themanini. Lielekeze kwenye jua uangalie kama kuna nukta za mwanga. Kwangua kona kwa ukucha: utando wa juu ukibanduka kama ngozi ya kitunguu, liache. Bonyeza pindo kwa vidole usikie kama kuna kamba iliyoshonewa ndani. Bila kamba hiyo, pete za pembeni zimeshika plastiki tupu. Pete ziwe kila mita moja, na ziwe za alumini au shaba nyeupe. Za chuma kilichopakwa rangi huota kutu kwa hewa ya chumvi, na kutu hula kitambaa kinachoizunguka.

Adui mkubwa wa turubai hili ni jua kuliko mvua. Polithini isiyowekewa dawa ya kuzuia miale hukauka, huwa ngumu, kisha huanza kumwaga unga na vipande vya nyuzi. La buluu jepesi likianikwa wazi huweza kufika hapo kwa miezi michache. Dawa yake ipo nyuma ya nyumba: makuti. Weka turubai chini, fito nyembamba juu yake, kisha makuti. Makuti yapokee jua, turubai lipokee mvua, na katikati pabaki nafasi ya kiganja kimoja hewa ipite. Wengi hufanya kinyume, wakatandika turubai juu ya makuti yaliyochoka. Unyevu hunaswa chini yake, makuti yanaoza, na joto la mchana linashuka moja kwa moja kichwani.

Turubai la PVC, lile la malori, ni gumu kweli. Lina gramu 500 hadi 650 kwa mita ya mraba, hivyo la nne kwa sita ni kilo 12 hadi 16. Halipitishi maji, pete zake haziachii upesi, na likichanika linazibwa kwa gundi yake na kipande cha PVC, mradi usugue kwanza kwa msasa laini na ukaushe. Kwa kambi ya karafuu inayofikiwa na gari tunalipendekeza bila kusita. Kwa dago, hapana. Ndani yake ni tanuri saa saba mchana, na alfajiri jasho la pumzi hudondoka kama mvua ndogo. Mashuani nalo ni mzigo wa mtu mzima.

La pamba, yaani kanvasi, ndilo linalolaza mtu vizuri. Hupumua, halipigi kelele upepo ukivuma, na sindano yoyote nene hulishona. Lakini kwa masika ya Pemba linataka mtumwa. Likikunjwa lina unyevu huota koga kwa siku chache, na koga ikishaingia, kitambaa hupasuka kwa kuvutwa na vidole. Likilowa hukaza, na kamba zikiwa za katani nazo hukaza. Asubuhi unakuta kigingi kimeng'oka chenyewe. Atakayelichagua azoee kulegeza kamba kabla ya mvua.

Sasa yanayoshika. Vigingi vya chuma vya sentimita 20 vinavyokuja na hema la dukani ni mapambo kwenye mchanga wetu. Ufukweni kigingi cha namna hiyo hutoka kwa mkono mmoja. Na upande wa mashariki wa Unguja, penye maweni, yaani mawe ya matumbawe, hakiingii kabisa. Kwenye maweni tumia nondo ya milimita 12, urefu sentimita 60, ipigwe kwenye ufa wa jiwe kwa nyundo nzito, kichwa kikiinamia mbali na kibanda. Pasipo na ufa, funga kwenye jiwe lenyewe, ila zungusha gunia kwanza. Ncha za maweni hukata kamba usiku mmoja.

Kwenye mchanga, nanga ni polo. Chukua polo la mchele la kilo 50 lililokwisha, tia ndoo moja ya lita 20 ya mchanga mkavu, ambayo ni kilo 30 na ushei, funga shingo, kisha fukia kwenye shimo la sentimita 60. Kamba ifungwe katikati ya polo lililolala, siyo shingoni, na itoke kwenye mfereji mwembamba ulioelekea kwenye kibanda. Polo lililofukiwa hushika kwa uzito wake na wa mchanga ulio juu yake. Polo lililowekwa tu juu ya ardhi huburuzika likivutwa kwa nguvu ya nusu ya uzito wake. Lisijazwe likavimba: lililojaa theluthi mbili hulala bapa na kukaa, lililojaa pomoni hubiringika. Nyuzi za polo nazo huliwa na jua, kwa hiyo yanayobaki juu ya ardhi yafunikwe. Mchanga unaoutumia rudisha shimoni ukiondoka. Kuchimba mchanga na kuuchukua Zanzibar ni jambo la kibali.

Kamba za dukani za rangi rangi ni za polipropilini. Ni rahisi, zinaelea, lakini jua linazimaliza na mafundo yake huteleza. Piga mafundo mawili pale ulipozoea moja. Nailoni ikilowa hurefuka, na turubai linalegea katikati ya mvua, wakati hasa unapotaka likaze. Kamba tuliyoipa alama ya juu haitoki kiwandani. Ni ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye maji ya chumvi kwa miezi, yakapondwa na kusokotwa kwa mkono. Chumvi haiisumbui, fundo linashika, na ina mnyumbuko kidogo, hivyo upepo wa ghafla humezwa na kamba kabla ya kufika kwenye pete. Chagua yenye unene wa kidole kidogo, isokotwe nyuzi tatu, na uivute mbele ya msokotaji. Yenye nywele nyingi fupi imetokana na makumbi yasiyoiva.

Pete ikichomoka usitoboe tundu jipya. Weka kijiwe laini cha pwani, ukubwa wa yai la njiwa, ndani ya turubai, likunje likizunguke, kisha funga shingo ya kifundo hicho kwa kamba. Hapo kamba inashika kitambaa kizima na hakuna uzi uliokatwa. Kifundo hiki hukaa kuliko pete nyingi tulizoziona.

Mpango wenyewe, kwa turubai la nne kwa sita: nguzo mbili za urefu wa mita mbili na nusu, nusu mita iingie ardhini, ziachane mita nne. Mti wa mgongo juu yake. Tupa turubai ili mita tatu zishuke kila upande mpaka chini. Utapata mteremko wa nyuzi 40 hivi na sakafu ya mita nne kwa nne na nusu, yaani mita 18 za mraba. Kipimo cha misaada ni mita tatu na nusu kwa mtu, kwa hiyo watano wanaingia, ila pembeni ni pafupi, hesabu wanne. Kila upande una pete tano, jumla kumi, na kila pete polo lake: kilo 300 na zaidi. Rudi kwenye ile hesabu ya upepo uone kwa nini kumi, siyo sita.

Upande wa kusi, upepo utokao kusini, uzibwe kabisa, mlango uangalie kaskazini. Mlango ukielekea upepo, hewa huingia isipate pa kutokea, na kibanda hugeuka tanga. Paa lisipungue mteremko ule ili kuokoa urefu: dimbwi la mita mbili za mraba lenye kina cha sentimita kumi ni kilo 200 zilizokaa juu ya vichwa vya waliolala. Jiko liwe nje, upande wa chini ya upepo. Plastiki hii huyeyuka kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 na hudondosha matone yanayowaka. Na makaa ndani ya kibanda kilichozibwa huua bila moshi kuonekana.

Kuna na ngao za kubebeka za mahema, zile za askari: mabamba ya chuma, au ya nyuzi za aramidi, yanayopangwa kuzunguka hema kuzuia risasi na vipande vya mabomu. Dagoni hazina kazi, lakini hesabu yake ina faida. Chuma cha milimita 6 kina kilo 47 kwa mita ya mraba. Zungushia hema la mita tatu kwa nne kwa kimo cha mita moja na robo, umefika kilo 800. Ndiyo maana hata majeshi yenye fedha yanarudi kwenye mchanga, ambao hubebi, unaukuta. Yale makasha makubwa ya waya yenye kitambaa ndani, yanayojazwa udongo kuzunguka kambi, alianza kuyatengeneza Muingereza Jimi Heselden mwishoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko, kabla askari hawajayachukua.

Ukuta wa vipolo ni wa maana hata kwetu, kwa upande mmoja tu, ule wa kusi. Vipolo vya unga vya kilo 25, vijazwe theluthi mbili, shingo ikunjwe chini, vipangwe kama matofali, kila kimoja kikalie kiungo cha viwili vya chini, na kila mstari upigwe kwa ubao mpaka uwe bapa. Ukuta wa mita tatu kwa kimo cha mita moja hula vipolo 55 hadi 60. Ni kazi ya nusu siku kwa watu wanne. Kwa wiki moja tusingejisumbua. Kwa mwezi mzima, ndiyo.

Yote haya ni kwa kusi na mvua za kawaida. Kimbunga ni habari nyingine. Kile cha Aprili 1872 kiling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, miti yenye mizizi, na Hidaya ya Mei 2024 ilitukumbusha kwamba pwani hii haijasamehewa. Tahadhari ikitoka, fungua kamba kuanzia upande usio na upepo, laza nguzo, viringisha turubai likiwa kavu kama bado muda upo, na ondokeni.

Chaguo letu kwa dago: polithini ya gramu 200, makuti juu, mapolo kumi, na kamba nzuri ya usumba. Kwa kambi ya karafuu, PVC na nondo. Ukirudi, suuza turubai kwa maji baridi yasiyo chumvi, lianike pande zote mbili, na usilikunje kwenye mikunjo ile ile ya kiwandani, kwani ndipo linapoanza kukatika.